Sabufa Moja au Mbili: Hesabu ya Chumba Chetu Kirefu

Kwa muda wa miezi miwili tulikuwa nyumbani na swali ambalo kwa maneno ni dogo na kwa fedha si dogo: tununue sabufa moja kubwa, au mbili ndogo? Fedha ilikuwa ni ile ile. Tulikuwa tumeitenga kidogo kidogo kwa mwaka na zaidi, na haikuwa fedha ya kuchezea. Tunaandika haya kwa kuwa jamaa kadhaa waliotutembelea wametuuliza tulifikaje tulipofika, na pia kwa kuwa swali lenyewe, kila tulipolichimba, liliacha kuwa la vyombo likawa la watu: chumba hiki ni cha nani?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Madukani siku hizi huitwa sabufa seti nzima, yaani kasha la katikati pamoja na vispika vyake na rimoti. Sisi hapa twakusudia lile kasha peke yake, linalotoa sauti nzito tu, zile za chini kabisa ambazo spika za kawaida hazizifikii, nalo huunganishwa na spika nyingine zozote mtu alizo nazo. Twajua pia kwamba nyumba zinazosoma jarida hili hazina rai moja kuhusu ala za muziki, na hatuingii katika hilo. Yanayofuata yanamfaa anayesikiliza taarabu, na hayampiti asiyetia nyumbani mwake ila kasida za matari.

Chumba chenyewe kiko ghorofani, katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, Mombasa. Wasomaji waliokulia katika nyumba hizi, za hapa au za Lamu, wanalijua umbo lake bila kuelezwa: kirefu na chembamba. Wajenzi wa kale walilaza dari juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti ulivyojaaliwa. Ndiyo maana vyumba vikapata upana mdogo, na nafasi vikaitafuta upande wa pili. Chetu kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.8, na dari yake ni ya juu. Kuta ni za mawe na chokaa, nene hata mtoto hukaa ndani ya dirisha. Hapana kiti cha enzi. Watu wanakaa chini, juu ya magodoro na mito iliyopangwa kuufuata ukuta, kila mtu na mahali pake alipopazoea.

Na mahali pa mtu, katika nyumba yenye mzee, si jambo la kuhamisha ovyo. Mama hukaa mwisho wa chumba, pembeni kabisa, apate upepo wa dirisha la nyuma na aweze kuona nani anapanda ngazi. Watoto hukaa mbele yake kidogo, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ukuta ule, kwa kuwa hapo ndipo mkono wake unapowafikia. Wifi zetu wakija alasiri hukaa katikati. Sisi wawili hukaa palipobaki.

Umri umemchukulia Mama sauti nyembamba. Ndivyo masikio yanavyozeeka kwa watu wengi: ya juu hutangulia kuondoka, ya chini hubaki. Fidla kwake zimefifia, ganuni anaisikia kwa mbali, na maneno ya mwimbaji mara nyingi huyakamilisha kwa kumbukumbu. Kilichobakia kizima ni mapigo ya dumbaki, nyuzi nene za udi, na besi. Mtu aliyepata kucheza lelemama ujanani hahitaji zaidi ya hayo kuujua wimbo. Kwa hivyo tuliposema twataka sauti nzito nyumbani, si kwamba tulitaka madirisha yatetemeke. Tulitaka Mama abaki chumbani pamoja nasi.

Kabla ya kununua tuliazima. Shemeji yetu ana sabufa moja kubwa ya inchi 15, akatuachia kwa wiki moja, nasi tukaiweka pembeni mbele, kama wauzaji wengi wanavyoshauri. Usiku wa tatu Mama alichukua tasbihi yake akaenda kukaa ukumbini. Tulipomfuata alisema, “Kizito hichi chanigonga kifuani, wanangu. Sikilizeni nyinyi, mimi hapa nasikia.” Wakati ule ule watoto, waliokuwa hawako mbali naye hata hatua tatu, walikuwa wakiuliza kama kasha limezimwa, na wakitaka liongezwe. Chumba kimoja, wimbo mmoja, kasha moja; mmoja amekimbia kwa wingi, na wengine hawajapata kitu.

Sababu ya ajabu hii ni rahisi kuliko inavyoonekana, na inafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa ndani yake mna jawabu lote.

Katika joto letu la pwani sauti husafiri kiasi cha mita 348 kwa sekunde. Sauti nzito hutikisa hewa mara chache kwa sekunde, basi wimbi lake huwa refu sana. Sauti ya hezi 58, yaani mitikisiko 58 kwa sekunde, ina wimbi la mita 6, sawasawa na urefu wa chumba chetu. Ya hezi 29 ina wimbi la mita 12. Mawimbi marefu namna hii hayapiti chumbani kama mtu apitaye njia. Hupiga ukuta wa mwisho, yakarudi, yakakutana na wenzao wanaokuja, na badala ya kusafiri yakasimama.

Aliyepata kubeba beseni pana la maji anaijua picha hii. Ukiliyumbisha, maji hupanda upande huu yakashuka upande ule, na katikati hayapandi wala hayashuki. Ndivyo hewa ya chumba chetu inavyofanya katika hezi 29: kwenye kuta mbili za mwisho pana nguvu, katikati ya chumba ni patupu. Liyumbishe kwa kasi maradufu, na maji yatapanda ncha zote mbili kwa pamoja huku ya katikati yakishuka, kisha yatabadilishana. Na yale yaliyo robo ya beseni kutoka kila upande yatatulia. Hiyo ndiyo hezi 58. Ncha ni nzito, katikati ni pazito, na robo mbili, yaani mita moja na nusu kutoka kila ukuta wa mwisho, ni patupu.

Basi Mama alikuwa ukutani, penye nguvu ya mawimbi yote mawili. Watoto walikuwa kwenye robo.

Msomaji atauliza, je, hakuna kifaa cha kusawazisha? Kipo, na kwa mtu mmoja kinafaa sana. Lakini tazama kitakachotokea kwetu. Tukipunguza hezi 58 ili Mama apumue, watoto wanaozidi kukosa ni wale wale waliokosa mwanzo. Tukiziongeza ili watoto wapate, Mama atafika hadi ngazini. Na pale penye utupu hata nguvu nyingi haizibi, kwa sababu kila unachoongeza kinakwenda na kurudi vile vile, na kinachokuja hufutwa na kinachorudi. Kisawazishi hubadilisha kiasi cha sauti inayotoka kwenye kasha. Hakigawi upya kwa waliokaa.

Kinachogawa ni kasha la pili, likiwekwa mahali pake.

Haya si maneno yetu. Mwaka 2002 mtafiti Todd Welti, wa kampuni ya Harman ya Marekani, aliwasilisha kwa wahandisi wenzake kazi iliyouliza swali letu hasa: sabufa ngapi zatosha? Mwaka 2006 yeye na Allan Devantier wakaendelea nalo kwa kirefu zaidi, na Floyd Toole, Mkanada aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, amelieleza katika kitabu chake kuhusu sauti na vyumba. Walichotafuta si mshindo mkubwa, bali viti vyote visikie sawa. Wakaona kwamba mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazoelekeana huleta usawa mkubwa kuliko moja, nne huzidi kidogo, na zaidi ya nne hazina faida ya maana. Lililotupendeza katika kazi ile ni swali lake, kwa sababu wauzaji wa vyombo huanza na msikilizaji mmoja aliyekaa kitako katikati, na huyo nyumbani kwetu hayuko.

Chumba chetu ni chembamba kuliko vile walivyovipima, kwa hivyo tuliifuata kanuni yao, si ramani yao. Kanuni ni hii: kasha likiwekwa mahali ambapo wimbi fulani ni tupu, haliwezi kuliamsha wimbi hilo, na makasha mawili yakiwekwa mahali ambapo wimbi moja hupanda hapa na kushuka kule, moja hulifuta la mwenzake. Robo ya chumba ndipo hezi 58 ni tupu, basi kasha likikaa robo haliichochei. Na robo ya mbele na robo ya nyuma, kwa hezi 29, huvutana kinyume. Ukiweka kasha moja robo ya mbele na jingine robo ya nyuma, mawimbi yote mawili yaliyokuwa yakimpiga Mama yanakosa wa kuyaamsha. Tena tukaliweka moja ukuta wa kulia na jingine ukuta wa kushoto, kwa kuwa upana wa mita 2.8 nao una wimbi lake, karibu na hezi 62, na kuta mbili zinazoelekeana hulifuta vivyo hivyo.

Jamaa yetu anayekodisha vyombo vya harusi alitupa mbili zilizofanana, za inchi 10, kwa siku nne ambazo hakuwa na kazi. Tukapima kwa simu, kiti baada ya kiti. Simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali yatosha. Kwa kasha moja la pembeni, tofauti baina ya kiti cha Mama na cha watoto ilipita desibeli 15. Kwa mawili ilishuka ikawa 5 hivi. Kipimo kingine kilikuwa cha aina nyingine: usiku wa kwanza Mama hakuondoka, usiku wa pili hakuondoka, na usiku wa tatu alimwambia mtoto aache kupiga kelele asikie dumbaki.

Hatusemi kwamba mbili hazina gharama. Kilichopungua kwanza ni mshindo. Pembe ya chumba ni mahali pa kupata nguvu bila kulipia, kwa kuwa huamsha kila wimbi lililomo; ukiyazima mawimbi hayo umeikataa nguvu yao pia. Mwanetu wa kiume, ambaye kwake filamu isiyo na mlipuko si filamu, aliliona hilo mara moja na hajalisamehe. Mmoja wetu naye, ambaye hatutamtaja kwa kuwa makala haya ni yake pia, alilitamani sana kasha la inchi 15, na ilibidi tutoe kalamu. Kwa hesabu ya duara, uso wa spika moja ya inchi 15 unauzidi kidogo tu uso wa mbili za inchi 10 zikijumlishwa. Kilichobakia kuwa na uzito ni sura ya lile kubwa, na sura tulikubaliana si hoja.

Mbili zataka pia plagi mbili, waya mbili, na mahali pawili ambapo mtu angeweza kukaa. Katika chumba cha mita 2.8 hilo si dogo. Umeme haukuzidi maradufu kama tulivyohofia, kwa sababu kila moja hufanya kazi kidogo. Hewa ya bahari, hata hivyo, haina huruma na moja wala mbili. Tulichagua zenye ukingo wa mpira badala ya sponji, kwa kuwa sponji kwenye unyevu wetu huoza ikapukutika, na tulichagua kasha lililofungwa pande zote. Yale yenye tundu hutoa sauti zaidi, lakini kwenye nyumba za mawe tundu lolote lililo kimya na lenye joto hupata mpangaji, na mjusi kafiri halipi kodi.

Kuna jirani pia. Ukuta wetu wa kushoto ni ukuta wake wa kulia, na mwaka huu ana mtoto mchanga. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta mnene kwa urahisi. Nzito hupenya, tena hupita sakafuni na kwenye boriti. Kwa sababu hiyo tuliogopa kwamba mbili zitakuwa adha maradufu. Imekuwa kinyume. Zamani za kasha moja kulikuwa na mtu kila mara aliyekaa penye utupu akiomba iongezwe, na ikiongezwa kwa ajili yake huongezwa kwa jirani pia. Sasa haombi mtu. Twasikiliza chini ya kiwango cha zamani, na kila kasha limekalia kipande cha mpira kinene lisiitikise sakafu. Tulimwendea mama wa mtoto tukamwomba atuambie bila haya. Alisema saa za mchana hasikii kitu, na baada ya isha tuzime. Tunazima.

Je, kila nyumba inunue mbili? Hapana. Anayesikiliza peke yake, kiti chake kimoja, moja nzuri na kisawazishi vitamtosha, na atapata nguvu zaidi kwa fedha yake. Mwenye sebule iliyo wazi kwenye baraza na madirisha mapana hana mawimbi mengi ya kumsumbua, maana mazito hutoka nje na upepo. Mwenye nyumba ya kupanga, anayehama kila baada ya mwaka mmoja au miwili, huenda asitake kupima robo za chumba upya kila mara. Na ikiwa fedha itamfikisha kwenye mbili mbovu au moja njema, achukue ile njema. Tahadhari yetu ni moja: akinunua moja kwa nia ya kuongeza ya pili baadaye, asikawie, kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja lazima ziwe sawa, na aina ya mwaka huu mwakani haipatikani.

Wala si kila sauti yaihitaji sabufa. Sauti ya mwanamume mzima huanzia kiasi cha hezi 100, au chini yake kidogo, na spika za kawaida zinaifikia. Akisoma Abdulbasit Abdusamad, twazizima zote mbili. Zikiwashwa, kinachoingia ni mvumo wa ukumbi aliosomea, na herufi zinapoteza ukali wao. Siti binti Saad, aliyerekodiwa Mumbai mwaka 1928, hakuna kitu cha chini kilichofika kwenye sahani zile kwa vyombo vya wakati ule, basi naye twamsikiliza bila sabufa. Udi wa Zein l'Abdin wafaidika kiasi. Zinazofaidika hasa ni zile taarabu za Unguja za vikundi vikubwa, zenye besi ndefu ya kusimama, ambayo uzi wake mzito hushuka hadi hezi 41. Hapo ndipo wifi zetu walipoacha mazungumzo kwa mara ya kwanza wakauliza hiyo sauti yatoka wapi. Hawakuweza kuonyesha. Sauti za chini ya hezi 80 hivi sikio haliwezi kuzitambua zitokako, na makasha yetu yamefunikwa kwa kanga na juu yake mna chetezo na sinia ya kahawa.

Bado pana kasoro. Kimo cha chumba nacho kina wimbi lake, na makasha yakiwa sakafuni hayawezi kulizuia. Ila kwa kuwa sote twakaa chini, kimo kimoja, kasoro hiyo imegawanyika sawa, na kisawazishi kimeipunguza bila kumwonea yeyote. Kubwa linalotukera ni waya wa kasha la nyuma, ambao wavuka mlango chini ya mkeka. Fundi wa umeme ameahidi kuja Jumamosi kutuhamishia plagi hadi ukuta wa pili. Mpaka hapo, anayeingia ainue mguu.